Uyoga wa Kwenu Si Uyoga wa Huku

Popote ulipo, uwe unachambua maharagwe, unamnyonyesha mtoto au umeketi nje ya duka ukingoja wateja, tega sikio kwa dakika chache. Kama kuna shosho, yeyo au msichana wa kazi anayekusaidia kulea watoto, mwite naye asikilize, kwa sababu leo tunazungumza juu ya jambo linaloweza kuingia katika sufuria ya nyumba yoyote. Tunazungumza juu ya uyoga wa porini.

Kwa nini uyoga, na kwa nini hapa kwetu?

Kajiado ni nchi kavu. Kwa miezi mingi ardhi ya Oltepesi huwa vumbi na mawe, na migunga husimama bila majani mengi. Kisha mvua inakuja, ile ndefu ya Machi hadi Mei au ile fupi ya Oktoba hadi Desemba, na katika siku chache nchi inabadilika. Nyasi zinachipua, na juu ya vichuguu, kando ya vijia na chini ya miti, uyoga unatokea ambako jana hapakuwa na kitu.

Huu pia ndio wakati ambao familia hupenda kutoka nje. Shule zimefungwa, hewa ni safi, na watoto wamechoka kufungiwa ploti. Wengine huteremka kwa barabara ya Magadi hadi Oltepesi, wakatembea porini au wakaenda Olorgesailie kuona mashoka ya mawe ya binadamu wa kale. Wengine hutembea tu nyuma ya mtaa, katika viwanja vya Kitengela ambavyo bado havijajengwa. Matembezi haya ni mazuri. Hunyoosha viungo vya mtoto na kumfundisha kuipenda nchi yake.

Lakini mara nyingi katika matembezi hayo kuna mtu anayesimama ghafla na kusema, "Ah! Huu uyoga naujua. Tulikuwa tunaula nyumbani."

Hapo ndipo pana hatari, na hapo ndipo tutakaa leo.

Nyumbani ni wapi?

Kitengela, Kiserian na miji mingine ya Kajiado imejaa watu waliotoka sehemu nyingi. Yuko mama aliyekulia Kakamega au Vihiga, ambako obwoba ni kitoweo cha heshima. Yuko mwingine aliyekulia Murang'a, ambaye nyanya yake aliuita makunu. Hawa si watu wajinga wa uyoga. Walifundishwa na mama zao na nyanya zao, tena kwa miaka mingi. Walijua kichuguu kipi hutoa uyoga, mwezi gani, na upi wa kuachwa.

Tatizo ni kwamba elimu ile ilikuwa ya mahali pale. Nyanya alipokuonyesha uyoga mzuri, hakuwa anakuonyesha uyoga wote wa dunia. Alikuwa anakuonyesha uyoga wa shamba lile, chini ya miti ile, katika mvua ile, na aliyajua makosa ya pale pale. Ukihama, uyoga unaofanana na ule wa kwenu unaweza kuwa aina nyingine kabisa. Hali hii huwapata watu wa kila nchi na kila kabila.

Huku kwetu kuna jambo jingine la kuongeza. Kule magharibi ukiwa na shaka, unamwita jirani mzee akauangalia uyoga. Lakini chakula cha jadi cha Wamaasai ni maziwa na nyama, na uyoga haukuwa kitoweo chao cha kutegemewa. Kwa hiyo mzee unayemkuta akichunga Oltepesi atakufundisha mengi juu ya dawa za miti, malisho na nyayo za wanyama, ila usitegemee kwamba ataweza kukuhakikishia uyoga. Ukiwa na shaka huku, huenda usipate wa kuuliza.

Uyoga mzuri na ndugu yake mbaya

Tuanze na ule ambao wengi wanaujua, uyoga wa kichuguu. Mchwa hawali tu miti. Wao ni wakulima. Ndani ya kichuguu hutengeneza kitu kama sega kutokana na majani na vijiti walivyovitafuna, na juu ya sega hilo hukuza ukungu ambao ndio chakula chao. Mvua inaponyesha vizuri, ukungu ule hutoa uyoga unaopenya udongo na kutokea juu. Ndiyo maana uyoga huu una shina linaloendelea chini kama mzizi mrefu, mpaka kwenye sega lile. Watu wengi katika Afrika huula, na ni chakula kizuri.

Sasa sikiliza juu ya mwingine. Uko uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi baada ya mvua: kwenye uwanja wa shule, kwenye malisho, hata kwenye nyasi za mbele ya nyumba. Kofia yake ina magamba ya rangi ya kahawia, na shina lake lina pete. Ukiwa mchanga, ile mistari myembamba iliyo chini ya kofia, iliyopangika kama kurasa za kitabu, huwa nyeupe. Ukikomaa, mistari hiyo hugeuka na kuwa na rangi ya kijani kibichi. Wanasayansi huuita Chlorophyllum molybdites. Unapatikana katika nchi nyingi za joto, na huwapata watu kwa sababu ni mkubwa, ni mnono na unapendeza macho.

Aliyekula uyoga huu huanza kuumwa upesi, kwa kawaida baada ya saa 1 hadi 3. Tumbo husokota, hutapika sana na kuhara, pengine akatoa hata damu. Mtu mzima mwenye nguvu mara nyingi hupona baada ya siku chache. Mtoto mdogo ni tofauti. Mwili wake hauna maji mengi ya kupoteza, na kutapika na kuhara kwa saa chache tu kunaweza kumkausha mpaka akawa katika hatari ya kufa.

Angalia basi jinsi kosa linavyoweza kutokea. Uyoga wa nyasi ukiwa mchanga ni mweupe juu na mweupe chini, na kama umeota karibu na kichuguu, mtu mwenye haraka atasema ni ule ule. Rangi ya kijani ambayo ingemwonya bado haijatokea.

Sumu inayongoja

Huo tuliotaja huumiza mapema. Kuna mwingine ulio mbaya zaidi, nao hungoja.

Duniani, vifo vingi vya uyoga husababishwa na aina inayoitwa uyoga wa kifo. Jina lake la kisayansi ni Amanita phalloides. Asili yake ni Ulaya, ambako huota karibu na mizizi ya miti, lakini umesafiri pamoja na miche ya miti ya kigeni hadi Afrika Kusini, Australia na Marekani. Sumu yake haipo kwake peke yake. Kuna aina nyingine pia zilizo nayo, baadhi zikiwa uyoga mdogo mdogo ambao hakuna mtu angeushuku. Kwa hiyo usijifariji kwa kusema kwamba ule wa Ulaya hauoti Oltepesi.

Sumu hii haina ladha mbaya. Watu waliokula wakapona wamesema chakula kilikuwa kitamu. Haiondoki kwa kuchemsha, kwa kukaanga, kwa kukausha juani wala kwa kuweka kwenye friji. Uyoga mmoja wa kadiri unaweza kumwua mtu mzima. Na kwa kuwa sumu hupimwa kulingana na uzito wa mwili, mtoto wa kilo 15 huhitaji robo tu ya kile kinachomdhuru mtu wa kilo 60. Sahani ya mtoto ni ndogo, lakini mwili wake ni mdogo zaidi.

Hebu tuifuate sumu hii siku kwa siku, ili uijue ikija. Tuseme familia imekula uyoga Jumamosi saa 2 usiku.

Usiku huo wote wanalala vizuri. Kwa muda wa saa 6 hadi 24, na mara nyingi kama saa 10 hivi, hakuna dalili yoyote. Mama anajisemea moyoni, "Tumekula, na hatujapata neno."

Jumapili asubuhi wanaanza kutapika na kuhara maji matupu, tumbo likiwauma sana. Hakuna anayefikiria uyoga, kwa kuwa uliliwa jana na usiku ulipita salama. Wanafikiria maji machafu, nyama ya kuchoma, au malaria.

Jumatatu, au Jumanne, kutapika kunapungua. Mtoto anaomba uji. Anaweza hata kuketi na kucheza kidogo. Mama anamshukuru Mungu na kufikiri kwamba ugonjwa umekwisha.

Mama, hii ndiyo siku ya udanganyifu. Sumu haijatoka. Iko ndani ya ini, inazizuia chembe za ini kutengeneza vitu zinavyohitaji ili ziishi, na chembe hizo zinakufa moja baada ya nyingine bila maumivu ya kukuonya. Siku ya tatu au ya nne macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, damu inaanza kutoka kwenye ufizi au puani, na mtoto anakuwa na usingizi usio wa kawaida au anaongea maneno yasiyoeleweka. Ikifika hapo, hata hospitali kubwa huweza kushindwa.

Ukisahau mengine yote tuliyosema leo, lishike hili: aliyekula uyoga wa porini akatapika, kisha akapata nafuu, bado ni mgonjwa mpaka daktari ampime ini.

Kisa kilichotokea mbali, lakini kinatuhusu

Agosti 2021, familia nyingi za Afghanistan ziliihama nchi yao kwa ndege wakati Taliban walipotwaa mji wa Kabul. Baadhi zilipelekwa Poland, zikawekwa katika kituo cha wageni karibu na mji wa Warsaw, kando ya msitu. Familia moja iliokota uyoga katika msitu huo na kuupika supu. Ulikuwa uyoga wa kifo. Watoto wawili wa kiume wa familia hiyo, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 6, walilazwa katika hospitali kubwa ya watoto. Yule mkubwa alipandikizwa hata ini jipya. Wote wawili walifariki mwanzoni mwa Septemba 2021.

Wazazi wale walikuwa wameokoa watoto wao kutoka vitani. Hawakuwa wazembe. Waliona chakula katika nchi wasiyoijua, na macho yao yakaamini kwamba wanakijua. Je, sisi tuliohamia Kajiado kutoka Nyanza, Magharibi, Mlima Kenya na Ukambani hatuwezi kufanya vivyo hivyo?

Imani ambazo hazimlindi mtoto

Kuna njia nyingi za kupima uyoga ambazo watu hurithishana. Tuzipitie moja moja.

"Wanyama wameula, basi ni salama." Si kweli. Konokono, wadudu na hata sungura huweza kula uyoga unaomwua binadamu wasidhurike. Tumbo la mbuzi si tumbo la mtoto wako.

"Weka kitunguu au kijiko cha fedha kwenye sufuria, kikigeuka cheusi, kuna sumu." Si kweli. Sumu inayoua ini haibadilishi rangi ya kitu chochote.

"Uyoga wa sumu una rangi kali." Si kweli. Uyoga wa kifo ni wa kijani hafifu au wa manjano hafifu, na kuna aina nyingine za kuua zilizo nyeupe safi.

"Ukichemsha na kumwaga maji ya kwanza, sumu inaondoka." Kwa sumu hii, si kweli hata kidogo.

"Onja kidogo, ungoje saa moja." Umesikia kwamba sumu mbaya zaidi hungoja hadi saa 24. Saa moja haikuambii kitu.

"Nimepiga picha, simu imeniambia jina lake." Siku hizi zipo programu za simu zinazotaja jina la uyoga kwa kutazama picha. Hukosea. Simu haioni sehemu iliyo chini ya udongo, hainusi, na haijui umeuokota wapi. Usimlishe mtoto kwa kutegemea picha.

Mtu akishakula, ufanye nini?

Tuseme umerudi nyumbani ukakuta watoto wameokota uyoga wakala, au jirani amekuletea ukapika, kisha mtu akaanza kutapika. Au hakuna anayetapika, lakini sasa una shaka. Fanya hivi:

1. Usingoje dalili. Nenda kituo cha afya au hospitali mara moja, hata kama wote wanaonekana wazima. Tiba hufaa zaidi kabla ini halijaumia.

2. Nendeni wote mliokula. Asibaki mtu nyumbani kwa kuwa ana nguvu. Kama unanyonyesha na ulikula, nenda na mtoto mchanga na umwambie mhudumu.

3. Beba uyoga uliobaki, mbichi au uliopikwa. Mbichi ufunge katika gazeti au mfuko wa karatasi, usiufunge kwenye plastiki, kwa sababu huoza upesi. Kama umeisha, mpeleke mtu aliyeuokota aeleze ulipoota. Hata maganda yaliyo kwenye takataka yanaweza kusaidia.

4. Kumbuka saa mliyokula na saa ambayo dalili ya kwanza ilianza. Iandike hata kwenye kiganja cha mkono. Dalili zikianza baada ya zaidi ya saa 6, daktari hujua kwamba huenda ni ile sumu ya ini. Lakini zikianza mapema usistarehe, kwa sababu katika kikapu kimoja huweza kuwa na aina mbili.

5. Sema neno "uyoga" mapema, kwenye dawati la kwanza kabisa. Msimu wa mvua ni msimu wa kuhara na malaria. Mhudumu aliye na foleni ndefu ataona mtoto anayetapika kama wale wengine 20 aliowaona asubuhi. Usiogope kuchekwa na usione haya. Sema: "Tulikula uyoga wa porini jana usiku."

6. Usimtapishe mtu kwa nguvu, wala kwa maji ya chumvi. Usimpe mafuta, maziwa, majivu wala makaa ya jikoni. Maji ya chumvi mengi yenyewe huweza kumdhuru mtoto. Hospitalini ipo dawa ya mkaa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na si sawa na makaa ya jiko.

7. Mkiwa njiani, kama mtoto anahara na yuko macho, mpe maji yenye ORS kwa vijiko, kidogo kidogo. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama amelegea au hajitambui, usimpe chochote mdomoni. Mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi.

Kwa watu wa Kitengela, hospitali ya kaunti ndogo iko mjini, na ile ya rufaa iko Kajiado. Aliye Oltepesi ana safari ndefu zaidi. Atapanda kuelekea Kiserian na Ngong, au atateremka upande wa Magadi, na usiku magari ni machache. Ndiyo sababu haifai kungoja mpaka hali iwe mbaya ndipo uanze kutafuta gari. Namba za dharura ni 999 na 112. Ukifika zahanati ndogo, mwombe mhudumu apige simu mbele ili hospitali kubwa iwe inakungoja.

Huko hospitalini mtaongezewa maji kwa mshipa, mtapimwa damu ili kuangalia ini na figo, na huenda mkawekwa siku kadhaa hata mkijisikia vizuri. Usiombe kuruhusiwa mapema kwa sababu mtoto anacheza. Unaijua sasa ile siku ya udanganyifu.

Je, tuache kutembea na watoto?

Hapana. Tembeeni. Uyoga hauumizi kwa kutazamwa, wala kuugusa tu hakumpi mtu sumu. Hatari ni kuula. Kwa hiyo matembezi yanaweza kuwa darasa zuri.

Kabla hamjaondoka nyumbani, wekeni sheria moja fupi ambayo hata mtoto wa miaka 3 anaielewa: "Porini tunatazama, hatuli." Sheria hii ihusu uyoga, matunda ya porini, mbegu na majani. Usiseme, "Huu unaliwa, ule hauliwi," kwa sababu mtoto mdogo atakumbuka nusu ya kwanza tu.

Mkiuona uyoga, chuchumaeni. Mwache mtoto ahesabu ile mistari ya chini ya kofia, atazame kama kuna pete, aulize kwa nini umeota hapa na si pale. Mweleze juu ya mchwa wanaolima. Mwache auchore kwenye daftari. Kisha nyooka, muendelee na safari. Mkirudi, kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Angalia mambo mawili zaidi. Mtoto asiingize mkono kwenye tundu la kichuguu, kwa sababu nyoka hupenda kujificha humo. Na anayetambaa au aliyeanza kutembea asiachwe peke yake kwenye nyasi baada ya mvua, hata nyuma ya nyumba, kwa kuwa kila akionacho hukipeleka mdomoni. Ukiuona uyoga kwenye uwanja wako, ung'oe na uutupe chooni au uuzike.

Nasi tunaopenda uyoga?

Uyoga ni chakula chenye protini, na una mafuta machache sana. Hatusemi usile uyoga. Tunasema ujue umetoka wapi.

Uyoga unaokuzwa na wakulima ni salama kwa kuwa mbegu yake inajulikana. Ule mweupe wa mviringo na ule wa chaza huuzwa katika maduka makubwa na baadhi ya masoko. Chaza hukuzwa kwenye mifuko ya majani makavu ya ngano au mabua ya mahindi, ndani ya chumba kidogo chenye giza na unyevu, na akina mama kadhaa nchini wamekifanya kuwa kipato. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoko Juja, kimekuwa kikiwafundisha wakulima kazi hii. Kikundi cha akina mama chenye chumba na maji kinaweza kuuliza.

Hata uyoga wa dukani utumie ukiwa mbichi na mkavu juu. Ukiwa na utelezi au harufu mbaya, utupe. Usiuweke siku nyingi kwenye plastiki iliyofungwa, na uupike mpaka uive.

Na ukitembelea kwenu, ukakuta mama yako amepika obwoba ya kichuguu cha nyuma ya nyumba, kile kile alichokichuma miaka 30, keti ule. Hapo yuko mtu anayejua, kwenye ardhi anayoijua. Lakini usiubebe ujuzi huo kwenye basi ukautumia Oltepesi.

Maswali tunayoulizwa

"Mimi nimeokota uyoga wa kichuguu hapa Kitengela mara mbili na sijapata shida. Kwa nini niache?" Mama, pengine uliokota ule mzuri mara zote mbili. Lakini kila kikapu ni kikapu kipya. Uyoga mmoja mbaya kati ya 30 mizuri unatosha, na anayeupata kwenye sahani yake anaweza kuwa mtoto wako wa mwisho.

"Mume wangu ameleta uyoga ulionunuliwa kando ya barabara. Nifanyeje?" Ulizia ulikotoka. Kama muuzaji anasema umekuzwa na mkulima na anaweza kukuambia ni nani, sawa. Kama umeokotwa porini na hakuna anayejua aliyeuokota, usiupike. Mweleze mzee wa nyumba kwa upole sababu yake, na siku hiyo mpike sukuma wiki.

"Tulikula wiki mbili zilizopita, na hakuna aliyeugua. Twende hospitali?" Kama hakuna aliyetapika, kuhara wala kugeuka manjano kwa muda wote huo, ile sumu ya ini mmeivuka salama. Kama kuna mwenye dalili yoyote, aende leo, na alitaje neno uyoga.

Tukumbushane kabla ya kuagana

Ujuzi wa uyoga ni wa mahali, usiutumie ugenini. Kupika hakuondoi sumu. Sumu mbaya zaidi huanza kuchelewa, kisha hutoa nafuu ya uongo. Mkila na mkashuku, nendeni wote hospitalini leo, mkiwa na mabaki ya uyoga na saa mliyokula. Na mkiwa porini na watoto, tazameni, msile.

Wazee walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Jirani yako aliyehamia mtaani mwezi uliopita huenda hajayasikia haya, na mvua zitakuja. Mwambie leo mkikutana kisimani, kanisani, msikitini au kwenye chama.